Ng'ombe wa Sampuli

Nianze na kosa langu, maana wapo watakaolisema hata nikinyamaza. Ile taa nyeupe niliifunga mimi. Mimi Justina binti Ndalahwa, muuza vifaa vya umeme hapa Bariadi, mwenye cheti cha ufundi kilichotundikwa ukutani, ndiye niliyepanda juu ya kiti sebuleni kwa wazazi wangu kule Mwamapalala, nikachomoa globu ya kizamani iliyokuwa imeungua, nikachomeka taa ya LED nyeupe kabisa, ile ambayo wateja wangu huiita "mchana". Nilitaka baba akirudi aikute nyumba inang'aa. Alikuwa amekwenda kutolewa mtoto wa jicho.

"Watoto wawili," baba hupenda kusahihisha. "Mmoja kila jicho."

Madaktari wa kambi ya macho walifanya kazi yao vizuri, sina neno nao. Walipomfungua bandeji alisoma herufi zote za ukutani, akamalizia na jina la kiwanda lililoandikwa chini kabisa ya lile bango. Huyo ni mtu ambaye miaka tisa macho yake yalikuwa yanaingia ukungu kidogo kidogo, mpaka mwaka jana nikamkuta anausalimia mpapai wa uani na kukasirika kwamba hauitikii. Basi akarudi nyumbani jioni ile akitembea bila kushikwa mkono. Akaingia sebuleni. Mama akasimama kumpokea, na baba akavua kofia.

Baba hajawahi kumvulia mama kofia.

"Mwadila," akamsalimia kwa adabu zote, salamu yetu ya jioni. "Karibu mgeni. Mwenyeji wako amekwenda wapi?"

Tulicheka. Mama alicheka kuliko mimi. Baba hakucheka. Alivuta kiti chenye mto, kile ambacho huwa hakikalii mtu ila padri akipita, akamkalisha mama, kisha akanivuta pembeni na kuniuliza huyu mama ametoka wapi, na Nyanjige yuko wapi.

"Baba, Nyanjige si huyo?"

"Justina," akasema, "macho yangu ni mapya. Hayajamaliza hata wiki. Yatadanganya namna gani?"

Nisieleweke vibaya. Baba akili zake ziko sawa. Muulize ndama yeyote katika zizi lake alizaliwa msimu gani, atakwambia, na mama yake, na bibi yake. Sauti ya mama aliitambua. Alikiri mwenyewe kwamba sauti ni ya Nyanjige, hata kikohozi ni cha Nyanjige. Sura ndiyo iliyomshinda. Nyanjige wake, alisema, alikuwa mwanamke wa rangi nzuri ya joto, uso laini. Huyu aliyeletwa alikuwa wa kijivu-bluu na uso wenye mistari. Akahitimisha kwamba huenda ni shangazi wa Nyanjige, wa upande wa Meatu, na kwamba shangazi wa mke ni mtu wa kuheshimiwa sana.

Akamheshimu. Kwetu mgeni hachoti maji, hapiki, haoshi hata kijiko, na baba ni mtu wa kufuata taratibu. Siku ya kwanza alimchinjia tetea. Siku ya pili akamchinjia jogoo, akapika ugali mwenyewe, ukawa na mabonge ya kumtosha ndama. Na firigisi, jamani, firigisi ambayo tangu nizaliwe sijaona ikitua kwenye sahani nyingine isipokuwa ya baba, alimwekea mama juu ya ugali, katikati kabisa.

Mama akanipigia simu usiku huo akinong'ona kama mwizi. "Justina, miaka arobaini na miwili sijawahi kuonja firigisi katika nyumba hii. Kumbe ni tamu."

"Kwa hiyo, mayu?" nikamuuliza, maana mama kwetu ni mayu.

"Kwa hiyo acha kwanza. Akipona amepona."

Siku ya nne baba alimsubiri mama amalize kula, akakohoa kidogo, akauliza kwa upole wa mwenyeji ambaye kuku wanamwishia: "Mgeni, kwenu hawajapata wasiwasi? Safari ya kurudi ni lini?"

Mama aliweka sahani chini. Asubuhi yake alishuka dukani kwangu na kikapu kimoja na kanga ya kubadilisha, akakaa nyuma ya kaunta kwenye boksi la nyaya, akasema Jumapili anapanda basi kwenda Lingeka kwa mjomba Bujiku, kaka yake.

"Nyumba ile niliikandika kwa mikono hii," akasema. "Sitakufa ndani yake nikiwa mgeni."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Nilimwangalia akikunja kanga yake vizuri, kona kwa kona, nikaogopa kabisa. Nina miaka arobaini na moja, nina duka, nina watoto, na bado niliogopa kama mtoto aliyevunja chungu cha watu. Taa ile niliifunga mimi.

Alhamisi baba akapiga simu. Mikono yangu ilikuwa na kazi, nikaweka sauti ya nje. Hilo likawa kosa langu la pili, kwa sababu kwenye kaunta alikuwa ameegemea Mayige, jirani yangu anayeuza rangi za nyumba, mtu ambaye duka lake hulisimamia kutoka dukani kwangu.

"Justina, nataka globu," akasema baba.

"Ya pini au ya skrubu?" Mdomo wangu huuliza hivyo wenyewe, hata nikiwa usingizini.

"Ya Nyanjige."

"Baba..."

"Nisikilize. Nyanjige alikuwa anakaa chini ya globu ile. Globu imeungua, Nyanjige haonekani. Irudishe globu mahali pake, tuone kama hatarudi. Lakini iwe ileile. Rangi ileile."

Mama, pale kwenye boksi, aliinua uso. Nilimwona. Tangu aje alikuwa hajainua uso kwa jambo lolote, hata kwa chai. Basi nikasema moyoni, Justina, hata kama ni upuuzi, huu upuuzi utaufanya kwa ufundi wako wote.

"Baba, globu za aina ile ninazo chache, siku hizi wanazinunua wafuga kuku kwa ajili ya kupasha vifaranga joto. Na rangi zinatofautiana. Yako ilikuwa ya wati ngapi?"

"Ilikuwa ya njano."

"Njano gani? Kwenye maboksi rangi ya mwanga inaandikwa kwa Kelvin. Hizi za kizamani nyingi ni Kelvin elfu mbili na mia saba."

Nikasikia kiti kikisogezwa upande wa pili. Nadhani alisimama.

"Elfu mbili na mia saba," akarudia baba, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyesimama mbele ya mkuu wa mkoa. "Huyo Kelvin ni wa wapi?"

Ningemweleza. Mungu anajua ningemweleza kwamba Kelvin ni kipimo, si mfugaji mwenye ng'ombe elfu mbili na mia saba. Lakini Mayige alishapanua kifua na kuisogelea simu. "Mzee Ndalahwa, mwangaluka! Mimi wa rangi hapa jirani. Usihangaike kueleza rangi kwa mdomo, watu wote hukosea hapo. Sisi kazini huwa tunasema, lete sampuli."

"Sampuli ni nini?"

"Kitu chochote chenye rangi unayoitaka, ambacho unakijua vizuri. Kipande cha kitambaa, ufinyanzi, chochote. Tunakilinganisha."

"Ninacho," akasema baba, na akakata simu.

Nilimwambia Mayige arudi dukani kwake. Akasema huko hakuna mteja.

Ijumaa saa tano asubuhi kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, ikarudi nyuma hadi kwenye baraza la duka langu, ubao wa nyuma ukafunguliwa, na ndani yake alikuwa amesimama baba, amevaa koti la kanisani, kamba mkononi. Kwenye ncha nyingine ya kamba alikuwepo Minza.

Minza ni ng'ombe. Nalisema hilo mapema kwa sababu Mayige, aliposikia mama akiniambia kwa mshangao, "Amekuja na Minza!", alidhani ni mke mdogo na akakimbilia kutafuta kiti cha kukalia vizuri.

"Mwangaluka," akasema baba.

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, yaani salama tu. "Nimeleta sampuli."

Alieleza, na nikiri kwamba maelezo yake yalinyooka kuliko ya mafundi wengi ninaofanya nao kazi. Minza alifiwa na mama yake akiwa na siku mbili, ule msimu wa mvua kubwa. Baba alimlea sebuleni, kwenye gunia, chini ya globu ileile, miezi miwili mizima akimnywesha maziwa kwa chupa. Rangi ya Minza chini ya globu ile anaijua kuliko rangi ya kiganja chake. Kwa hiyo tutajaribu globu moja moja juu ya Minza. Ile itakayomfanya awe Minza wa sebuleni, hiyo ndiyo globu. Kisha chini ya globu hiyo tumsimamishe yule mama. Akiwa ni Nyanjige ataonekana.

"Na nisipoonekana?" akauliza mama kutoka nyuma ya kaunta.

Baba akavua kofia. "Basi, shangazi, tutakusindikiza kwenu vizuri."

Mama akageuka kuangalia rafu ya soketi. Nilitamani nimtikise baba mabega mpaka macho yake mapya yadondoke. Badala yake nilisogeza maboksi, tukamwingiza Minza. Aliingia bila wasiwasi, ng'ombe aliyekulia sebuleni. Akapita katikati ya feni na pasi kama mteja anayejua anachokifuata, akasimama chini ya holda ya kujaribia globu, na baba akaifunga kamba kwenye mguu wa kaunta. Ili tuuone mwanga wa globu peke yake ilibidi nishushe shata. Giza likaingia dukani saa tano na nusu mchana, likawa na harufu ya ng'ombe.

Kitu ambacho sikukifikiria ni watu wa nje. Mtu akiona kwa macho yake ng'ombe anaingizwa kwenye duka la umeme, kisha duka linafungwa, hatakwenda zake. Mayige alibaki barazani kuzuia watu, na kumweka Mayige azuie watu ni sawa na kumwagia moto petroli. Mtu wa kwanza akamuuliza ng'ombe ni wa nini. Akajibu kwa ukweli kabisa: "Ni wa globu." Ndani ya robo saa nilisikia kupitia matundu ya shata kwamba kuna promosheni, ukinunua globu unaingia kwenye bahati nasibu ya ng'ombe.

Tukaanza na ya wati mia moja. Nikaiwasha. Minza akapepesa macho.

"Hapana," akasema baba. "Huyu anafanana na Minza aliyekwenda harusini."

Ya wati sitini. Baba alimzunguka Minza mara mbili, akainama, akamwangalia tumboni. "Inakaribia. Lakini nundu haijakaa sawa. Nundu ya Minza ilikuwa na joto zaidi."

Ya wati arobaini, kioo cheupe cha ukungu. "Huyu ni mgonjwa."

Ya wati arobaini, kioo kisafi. Akasita. Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ngazi. "Bado kidogo. Hakuna Kelvin mwenye chini ya elfu mbili na mia saba?"

"Baba, Kelvin si mtu."

"Nimeona kwenye boksi la ile taa yako nyeupe imeandikwa elfu sita na mia tano. Huyo ni ndugu yake?"

"Ni yuleyule. Ni kipimo, baba. Namba ikipanda mwanga unakuwa mweupe, wa baridi. Ikishuka unakuwa wa njano, wa joto."

Baba alilitafakari hilo akiwa ameshika pembe ya Minza. "Yaani akiwa na elfu mbili ni mtu wa joto. Akifika elfu sita anakuwa wa baridi." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nawajua watu wa namna hiyo."

Nje mtu aligonga shata. Sauti ya mwanamke ikauliza kuponi zinatolewa mlango gani, kwamba yeye ameshanunua globu tatu kwa Mayige. Mayige hauzi globu. Mpaka leo sijui aliwauzia nini watu wale.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo fundi yeyote angelikumbuka tangu mwanzo, kama asingekuwa binti wa wateja. Kule Mwamapalala nyumba ya wazazi iko mwisho kabisa wa laini. Umeme ukifika kwao umeshachoka, pasi haipati moto na redio inaongea kwa kunung'unika. Globu ya wati sitini pale kwao haijawahi kuwaka wati sitini hata siku moja. Uzi wake wa ndani ulikuwa unaiva nusu tu, ndiyo maana mwanga wake ulikuwa wa njano nzito. Hata ningempa baba globu ileile mkononi, hapa mjini isingekuwa ileile.

Nikachukua swichi ya kupunguzia umeme, ile ya kuzungusha ambayo huwa nawauzia wenye baa. Nikaiunganisha na globu ya wati sitini, nikawasha, nikaanza kuizungusha kushuka, polepole. Duka likawa la rangi ya asali, kisha rangi ya chai ya rangi. Minza akabadilika mbele yetu, kutoka hudhurungi ya kawaida akawa mwekundu wa kung'aa, nundu ikajaa kivuli.

"Hapo!" Baba alipaza sauti mpaka nje kukawa kimya. "Usiguse! Huyo! Minza wangu, huyo!" Akamkumbatia ng'ombe shingoni. Minza akamlamba sikio, kisha akatumia nafasi hiyo kung'ata boksi la globu za Krismasi.

Baba akageuka na uso wote unacheka. "Mwadila!" akasema kwetu sote. Ilikuwa saa saba mchana, lakini mle ndani ilikuwa jioni ya sebuleni kwao, jioni ya zamani, na hakuna aliyemsahihisha. "Haya, shangazi. Njoo usimame hapa."

Mama alijifuta uso kwa kanga. Akaweka sawa kitambaa cha kichwani, akakiangalia kwenye kioo cha simu yangu. Mwanamke wa miaka sitini na minne, anajitengeneza ili mume aliyeishi naye miaka arobaini na miwili amtambue. Akapita pembeni ya Minza, akasimama chini ya globu, mikono imeshikana tumboni.

Baba akamwangalia. Akasogea. Akarudi nyuma. Akaisogeza globu kwa kuvuta waya wake, kushoto, kulia. Nilihesabu pumzi zangu.

"Rangi ni yake," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa na furaha tena. "Rangi ni ya Nyanjige kabisa. Lakini mtu siye."

Mama aliondoka chini ya globu. Alienda nyuma ya kaunta, akachukua kikapu chake, akaanza kutia kanga ndani. Akaikosea kona. Akaikunjua, akaanza tena.

Kuna watu wakikasirika hunyamaza. Mimi si mmoja wao. "Sasa basi!" nikapiga kelele, Minza akaruka, ngazi ikaanguka. "Umetaka njano umepewa njano! Nimezungusha umeme mpaka umekuwa chai kwa ajili yako! Sasa utamwangalia kwa taa ninazouza mimi!" Nikaenda kwenye ubao wa maonyesho, ule unaochukua ukuta mzima, wenye taa zote za LED nilizonazo, na nikabonyeza swichi zote, safu kwa safu. Zote nyeupe. Zote za elfu sita na mia tano.

Duka likawa jeupe mpaka vumbi lilionekana punje kwa punje. Sote tulifumba macho. Nilipoyafumbua, baba alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa mama, na mama amesimama na kanga mkononi, hana pa kujificha, machozi yanashuka kwenye mistari ya mashavu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulia.

Baba alimwangalia kama anavyomwangalia ng'ombe mnadani kabla ya kusema bei, bila haraka, kuanzia juu. Nilitaka kumkemea, lakini alishainua kidole.

"Huu," akasema, akionyesha mstari mrefu kwenye paji la uso, bila kuugusa. "Huu ni wa lini?"

Mama akapangusa pua. "Wa mwaka ule pamba ilipokauka yote."

"Na huu?"

"Huo Justina alipojifungua kwa shida. Siku tatu hatukulala."

"Na hii hapa, ya pembeni ya macho?"

"Hiyo ni ya kukucheka wewe ukisalimia mpapai."

Baba hakutabasamu. "Na nywele?"

"Hizo zilianza muda mrefu. Zilikwenda zenyewe, polepole."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekaa palepale," akasema mama. "Mbele yangu."

Basi nikaelewa, nikaona haya kwa kelele zangu. Globu haikuwa na kosa, hata taa yangu nyeupe haikuwa na kosa. Miaka tisa baba alikuwa anaangalia ukungu wa njano wenye sauti ya mama, na ndani ya ukungu ule mama alibaki vilevile alivyokuwa siku macho yalipoanza kufifia. Mama alizeeka peke yake. Mtu aliyekaa naye mezani kila jioni hakuwepo kushuhudia.

Baba alishusha pumzi ndefu. Akavua kofia, na nikajua mama amekaza moyo kusubiri neno "mgeni", kwa sababu mimi pia niliukaza wangu. Lakini hakuishika kofia mbele ya tumbo kwa adabu kama siku zile. Aliitupa tu juu ya mgongo wa Minza, kama mtu aliyefika kwake.

"Mwangaluka, Nyanjige," akasema.

Mchana mweupe, dakika chache baada ya kutuambia mwadila, sasa anatoa salamu ya asubuhi. Nilifungua mdomo. Mama akanifinya mkono, akanifinya hasa, alama ilikaa siku mbili.

"Mhola," akajibu. Sauti yake ilikwama, akaisafisha. "Mhola, Ndalahwa."

Nje shata liligongwa tena, watu wakaanza kupiga kelele kwamba wanataka mshindi atangazwe. Baba aliifungua ile kamba ya Minza kutoka kwenye mguu wa kaunta, akaniambia globu ya njano niwarudishie wafuga kuku, yeye ataendelea na taa ya yule Kelvin tajiri, mtu wa baridi lakini hafichi kitu. Kisha akainama, akachukua kikapu cha mama ili ambebee, jambo ambalo pia sijawahi kuliona.

Mama alimwachia akibebe. Alikwenda naye hadi kwenye shata, akajifunga kanga vizuri kiunoni, na kabla sijaliinua akamgeukia.

"Nitarudi," akasema. "Nitachota maji na nitapika, maana ugali wako nimeuona. Lakini firigisi haitoki tena kwenye sahani yangu."